Springi fupi Meru: urefu unauzwa, ugumu haujulikani

Mwenye Subaru Impreza au Mark X anayetafuta springi fupi katika maduka ya spea na gereji za jua kali za upande wa soko la Gakoromone mjini Meru huulizwa swali moja: anataka gari lishuke kiasi gani? Haulizwi shoki zake zina umri gani, haulizwi gari hubeba nini wala hupita barabara ipi. Springi anayopewa itakuwa fupi kama alivyoomba, lakini ugumu wake, yaani kilo ngapi zinahitajika kuibana kwa milimita moja, haujulikani na aliyeiuza wala aliyeinunua. Hapo ndipo biashara hii inapokosea. Kushusha gari si kosa, na anayependa gari lililolala chini hana haja ya kuomba radhi. Tatizo ni kwamba kinachouzwa ni urefu, ilhali kinachoamua kama gari litashika kona ni ugumu wa springi, nguvu ya shoki na nafasi inayobaki kwa gurudumu kupanda na kushuka. Soko hilohilo lina kisa kingine cha namna hii. Wakulima wa viazi wamelalamika miaka mingi kuhusu lumbesa, gunia linaloongezwa kilemba huku bei ikibaki ya gunia moja, mpaka kanuni za 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50. Walichokidai ni kwamba kitu kiuzwe kwa kipimo chake halisi. Mnunuzi wa springi hajapata wa kumdaia hivyo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inafaa kufanywa hadharani. Tuchukue springi ya mbele yenye mizunguko sita inayofanya kazi, urefu wa milimita 360 ikiwa haijabebeshwa kitu, na ugumu wa kilo 2.5 kwa milimita. Ikibebeshwa kilo 300 inajibana milimita 120 na kukaa kwenye 240. Fundi akikata mzunguko mmoja, urefu wa mwanzo unabaki 300, na ugumu unapanda hadi kilo 3 kwa milimita kwa sababu mizunguko imepungua. Kwa mzigo uleule itajibana milimita 100 na kukaa kwenye 200. Gari limeshuka milimita 40, na mteja ameridhika. Sasa tuangalie nafasi ya gurudumu. Kama kabla ya hapo gurudumu lilikuwa na milimita 80 za kupanda kabla shoki haijagonga raba yake, zimebaki 40. Ili springi imeze pigo lilelile la tuta ndani ya nusu ya nafasi, ugumu wake ungepaswa kuwa mara nne ya ule wa mwanzo. Fundi ameongeza asilimia 20 tu. Raba husaidia kidogo, ndiyo, lakini haikutengenezwa kufanya kazi ya springi kila siku. Ikigongwa katikati ya kona, gurudumu la nje hukosa ulaini wake mara moja, na tairi huteleza dereva akiwa hana onyo lolote.

Wanaotetea gari la chini husema kituo cha uzito kinaposhuka, gari hushika barabara zaidi. Ni kweli, ila faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Gari ambalo kituo chake cha uzito kiko nusu mita kutoka ardhini, likishushwa milimita 40, hupunguza uzito unaohamia magurudumu ya nje kwa takriban asilimia 8. Upande wa pili wa mizani ni mkono wa chini unaoshika gurudumu. Katika magari mengi tunayoyaagiza, ambayo mbele yana shoki na springi vilivyosimama pamoja, mkono huo kiwandani huwekwa karibu usawa. Gari likishuka sana, upande wake wa gurudumuni hupanda juu ya upande wa bodi, na nukta ambayo bodi hulalia inaposhika kona hushuka kwa kasi kuliko kituo cha uzito chenyewe. Matokeo yake bodi inaweza kulala zaidi kuliko zamani. Gurudumu linapopanda tuta, pembe ya fimbo ya usukani nayo hailingani tena na ya mkono, kwa hiyo gari hujikata upande bila dereva kugeuza usukani. Hayo yote huanza taratibu, na ndiyo maana springi nyingi zinazotengenezwa kwa kazi hii hushusha gari kwa kiasi tu, wala si kwa sababu watengenezaji walikosa ujasiri.

Mfanyabiashara mmoja wa spea mjini Meru, aliyeomba asitajwe, ana malalamiko ambayo wenzake wengi wangeyatia saini. Anasema mteja huja akitaka springi peke yake. Akishauriwa achukue na shoki zinazolingana, anaona anauziwa kitu asichokihitaji, maana shoki za gari lake hazijaanza kuvuja. Anaondoka na springi, fundi anazifunga bila kupima pembe za magurudumu, na baada ya muda mfupi mteja anarudi: shoki zimetoa mafuta, tairi zimelika upande wa ndani, gari linayumba. Anataka kurudishiwa pesa. Mfanyabiashara huyo anadai kwamba ushindani umemfanya aache kushauri, kwa kuwa jirani yake atauza springi bila maswali, tena zilizotumika Japani, ambazo madoa ya rangi yanayotambulisha aina yake yamekwishafutika. Anaongeza kwamba springi hizo huwasili zimechanganywa, na anayezipanga dukani huzipanga kwa urefu na unene wa kukadiria kwa jicho. Jicho haliwezi kazi hiyo. Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya, hivyo waya wa milimita 13 badala ya 12, tofauti ambayo mtu haioni bila kifaa, huongeza ugumu kwa zaidi ya theluthi, mengine yakibaki sawa.

Mtu anaweza kusema kwamba mfanyabiashara huyu anajitetea, kwani faida yake iko katika kuuza seti nzima. Ni kweli ana maslahi, na bei ya seti inaweza kumkimbiza mteja wa kawaida. Hata hivyo hoja yake inasimama bila yeye. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na magari mengi hufika Mombasa yakiwa yamekaribia kikomo hicho. Springi ya chuma kizuri inaweza kudumu kuliko gari, lakini shoki huchoka, na huchoka polepole kiasi kwamba mwenye gari huzoea. Springi ngumu zaidi ikifungwa juu ya shoki iliyochoka, hurusha gari na hakuna cha kulituliza. Anayenunua springi tu anaongeza nguvu ya kurusha mahali ambapo nguvu ya shoki ya kuituliza imekwishapungua.

Upande wa serikali, jibu linalotolewa ni lilelile. Afisa mmoja anayehusika na usalama barabarani anarudia takwimu ambayo Wakenya wameisikia mara nyingi, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajali husababishwa na makosa ya binadamu, na kwa hiyo springi za vijana wa Meru si jambo la kupewa uzito. Takwimu hiyo inastahili kuulizwa swali moja: nani alifungua shoki baada ya ajali? Gari likitoka barabarani kwenye kona, na dereva akiwa na kasi, ripoti huandika kasi. Hakuna anayepima kama raba ya shoki iligonga kabla tairi haijateleza. Kosa ambalo halikaguliwi haliwezi kuonekana katika hesabu, na kutoonekana kwake si ushahidi kwamba halipo. Afisa huyo anaeleza pia kwamba magari hukaguliwa kila mwaka. Ya abiria na ya biashara, ndiyo. Lakini gari la kibinafsi, ambalo ndilo hushushwa, kwa vitendo hupita miaka bila mkaguzi kuliinamia. Haifuati kwamba springi fupi ndizo zinazoua watu. Kinachofuata ni kwamba anayesema haziui hana msingi wa kusema hivyo.

Barabara za eneo hili ndizo zinazolipa swali hili uzito. Kutoka Meru kwenda Embu, barabara hukata mabonde ya mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, mteremko baada ya mteremko, kona chini na daraja katikati. Mteremko wa Nithi unajulikana nchi nzima. Basi lilipotumbukia hapo Julai 2022 na kuua zaidi ya watu 30, mjadala ulikuwa juu ya breki na umbo la barabara, na ulistahili kuwa hivyo. Lakini mteremko huo unadai kwa kila gari kitu kilekile: breki ikanyagwe, uzito uhamie mbele, springi za mbele zijibane, na gurudumu bado libaki na nafasi ya kumeza kasoro ya lami. Gari lililobakiwa na milimita 40, breki ikala 20 kati ya hizo, linaingia kwenye kona na akiba ndogo sana. Ongeza matuta kila penye shule na soko.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mafundi wenyewe: wamekuwa wakirekebisha springi maisha yao yote, na magari yanatembea. Ustadi huo upo na unastahili heshima. Nchi ya miraa inajua springi. Pikapu zinazotoka Maua zikiwahi Nairobi kabla majani hayajanyauka, na Probox zinazobeba kuliko zilivyopangiwa, huimarishwa nyuma ili zisikae chini, na kazi hiyo hufanywa vizuri. Ila ni kazi ya upande wa pili. Anayeongeza ugumu ili gari libebe mzigo anaongeza pia nafasi ya gurudumu. Anayekata springi anapunguza nafasi hiyo na ugumu anaoupata hautoshi. Kosa moja halina hata mjadala, nalo ni kupasha springi moto kwa gesi mpaka ilale. Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo, na moto wa fundi hufuta kipimo hicho. Springi ya namna hiyo itaendelea kulala yenyewe, kila upande kwa kiasi chake, au ivunjike.

Wapenzi wa mbio nao wasisahau Safari Rally. Impreza ilishinda mashindano hayo mwaka 1997 na 2000, na magari ya Safari huinuliwa, hayashushwi, kwa sababu timu huchagua kimo baada ya kuisoma barabara. Anayetaka gari lake la Meru lifanane na la mashindano aanze na desturi hiyo.

Je, soko litabadilika? Huenda kidogo. Simu zimewapa vijana uwezo wa kusoma jedwali la mtengenezaji kabla ya kuingia dukani, na baadhi ya wauzaji wanasema maswali yameanza kuwa makali. Lakini pesa zikipungua mifukoni, springi iliyotumika na msumeno wa fundi vitaendelea kushinda, na hakuna uhakika kwamba ukaguzi wa serikali utalifikia gari la kibinafsi kwa namna inayogusa shoki zake. Kwa hiyo mzigo unabaki kwa mnunuzi. Usishushe zaidi ya milimita 25, lipia kipimo cha pembe za magurudumu siku hiyohiyo, na dai ugumu wa springi kwa kilo kwa milimita. Muuzaji asipoweza kuandika namba hiyo kwenye risiti, ziache springi zake dukani, na pesa ulizokuja nazo ununulie shoki mpya za kiwango cha kiwandani.