Yoga na Utulivu wa Askari

Kila mwaka, tarehe 21 Juni, watu wa mataifa mengi hutandika mikeka chini wakafanya mazoezi ya viungo na ya pumzi ambayo asili yake ni nchini India tangu zama za kale. Siku hiyo ilitengwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa azimio lililopitishwa tarehe 11 Desemba 2014, kufuatia pendekezo la Waziri Mkuu wa India, Bwana Narendra Modi. Ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza, mwaka 2015, watu 35,985 walikusanyika mjini New Delhi katika barabara kuu ambayo vikosi vya majeshi ya India hupita kwa gwaride kila tarehe 26 Januari. Siku hiyo hapakusikika mngurumo wa vifaru. Walikuwapo raia na askari waliovuta pumzi na kuitoa kwa kipimo kimoja.

Ndugu wasikilizaji, yako mambo ambayo askari huyacheka kabla ya kuyachunguza, na yoga ni mojawapo. Aliyezoea mchakamchaka wa alfajiri, kwata na kuruka vikwazo, akimwona mtu amekaa chini, amekunja miguu na kufumba macho, hudhani kwamba huo ni uvivu uliopewa jina zuri. Kumbe askari huyo huyo, siku alipopelekwa kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, alifundishwa kanuni iliyo karibu sana na yoga. Aliambiwa avute pumzi, aitoe kidogo, atulie, kisha akaze kidole polepole. Asiyetii kanuni hiyo bunduki yake hucheza na risasi yake hupotea. Hivyo basi, kila mlenga shabaha hodari anajua tayari kwamba pumzi ndiyo inayotuliza mkono. Wahindi wa kale waliichukua elimu hiyo wakaieneza katika maisha yote ya binadamu.

Neno yoga ni la lugha ya Kisanskriti, na asili yake ni kufunga pamoja, kama vile ng'ombe wawili wafungwavyo nira moja ili walime kwa nguvu moja. Maana yake ni kwamba mwili na akili visivutane, kimoja huku na kingine kule. Mazoezi yenyewe yana sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni mikao ya mwili, ambayo mingi imepewa majina ya vitu vinavyofahamika: uko mkao wa mlima, wa mti, wa swila anayeinua kichwa, na hata wa maiti, ambapo mtu hulala chali bila kutikisika. Ya pili ni kuongoza pumzi. Ya tatu ni kuituliza akili kwa kuielekeza kwenye jambo moja.

Katika karne ya 20 mazoezi hayo yalianza kupimwa kwa vyombo vya sayansi. Mwaka 1924, Swami Kuvalayananda alianzisha taasisi katika mji wa Lonavla, magharibi ya India, ili kuchunguza kwa njia za maabara yanayotokea mwilini wakati wa yoga. Miaka 60 baadaye, mwezi Aprili 1984, rubani wa Jeshi la Anga la India, Rakesh Sharma, alirushwa kwa chombo cha Kisovieti hadi kwenye kituo cha anga cha Salyut 7. Miongoni mwa kazi alizokabidhiwa ni kufanya yoga huko juu, ili ijulikane kama mazoezi hayo yaweza kuusaidia mwili kustahimili hali ya kukosa uzito. Mtu huyo alikuwa mwanajeshi aliyekwisha kurusha ndege vitani, naye hakuona haya kufanya mazoezi hayo.

Yafaa ieleweke jinsi yoga inavyofanya kazi, maana hapana uganga ndani yake. Mwili wa binadamu una mifumo miwili ya mishipa ya fahamu inayojiendesha bila kuamriwa. Mfumo mmoja huuandaa mwili kwa mapambano: moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Mfumo wa pili hufanya kazi ya breki, ukiurudisha mwili katika utulivu. Askari wa doria anahitaji mfumo wa kwanza, na bila huo asingesalimika. Taabu huanza pale hatari inapokwisha ilhali mwili haujapata habari. Zamu imekwisha, silaha imerudishwa ghalani, lakini moyo ungali unakwenda kama uko lindoni. Usingizi hauji, hasira iko karibu, na wengine hutafuta utulivu katika chupa.

Mtu hawezi kuuamuru moyo wake upige polepole ukatii. Lakini pumzi ina tabia ya peke yake: hujiendesha yenyewe, na pia hukubali kuongozwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akizipunguza pumzi zake hadi kufikia kama 6 kwa dakika, na akaitoa pumzi kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyoivuta, ile breki ya mwili hushika na mapigo ya moyo hupungua. Pumzi ndiyo mlango ambao mtu anaweza kuupitia kwa hiari yake hadi kwenye mitambo ya mwili isiyosikia amri.

Faida za mwili nazo zimepimwa. Kuumwa mgongo ni adui wa kila askari anayebeba mzigo, anayesimama lindoni kwa saa nyingi, au anayekaa kutwa katika gari la doria. Huko Marekani, katika mji wa San Diego, askari wa zamani 150 wenye maumivu sugu ya mgongo walifanyiwa utafiti ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2017. Kundi moja lilifanya yoga mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 12, na kundi la pili likaendelea na matibabu yake ya kawaida. Wiki 12 zilipokwisha, hapakuwa na tofauti kubwa baina ya makundi hayo katika uwezo wa kufanya kazi za kila siku. Ilipotimia miezi sita ndipo tofauti ikadhihirika: waliofanya yoga walikuwa wamepata nafuu zaidi. Mafunzo ya kuruta hayakamiliki kwa wiki moja, na yoga vilevile haimfai mwenye pupa.

Hata hivyo, sifa zisizidi kipimo. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyotolewa mwaka huo huo wa 2017 na shirika la Cochrane yalionyesha kwamba nafuu ya mgongo itokanayo na yoga ni ndogo au ya wastani, na kwamba haijathibitika kuwa yoga inayapita mazoezi mengine ya mgongo.

Upande wa akili nao una ushahidi. Mwaka 2014, Dokta Bessel van der Kolk na wenzake nchini Marekani walitangaza matokeo ya utafiti juu ya wanawake 64 waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe uliokataa kupona kwa matibabu ya muda mrefu. Baada ya wiki 10, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo, ilhali katika kundi la wenzao waliopewa mafunzo ya afya ilikuwa asilimia 21. Hao hawakuwa askari, na yoga ilikuwa nyongeza ya matibabu. Lakini kiwewe hakichagui sare. Aliyeokota miili ya wenzake, na aliyefika wa kwanza kwenye ajali ya basi, wote hubeba picha zisizofutika kwa kuambiwa tu wajikaze.

Polisi na magereza nao wana mfano wao. Mwaka 1993, Bibi Kiran Bedi, mwanamke wa kwanza kuwa ofisa katika Jeshi la Polisi la India, alikabidhiwa usimamizi wa magereza ya Tihar mjini Delhi, yaliyokuwa na msongamano mkubwa na sifa mbaya. Mbali na kusikiliza malalamiko ya wafungwa na kuwapatia elimu, aliruhusu mafunzo ya siku 10 ya kutafakari kimya kwa kufuatilia pumzi, yaitwayo vipassana, ambayo ni ndugu wa karibu wa yoga. Mwezi Aprili 1994 zaidi ya wafungwa 1,000 walihudhuria mafunzo hayo kwa pamoja. Ofisa huyo hakuzifungua kufuli wala kuwaondoa walinzi. Alitambua kwamba gereza lenye watu waliotulia ni salama zaidi kwa mfungwa na kwa mlinzi wake.

Wala si India na Marekani tu. Katika nchi jirani ya Kenya, shirika la Africa Yoga Project lilianzishwa mjini Nairobi mwaka 2007, likawafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu wa yoga, nao wakapeleka mafunzo mashuleni na magerezani. Nchini Rwanda, yoga imefundishwa kwa wanawake walionusurika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ili kuwasaidia kuishi tena na miili yao bila hofu.

Wako wanaouliza iwapo mazoezi haya hayagongani na dini zao. Swali hilo ni la heshima na linastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba yoga ilikulia katika mazingira ya dini za Kihindi, na baadhi ya walimu huichanganya na nyimbo za ibada. Nchini Malaysia, mwaka 2008, Baraza la Taifa la Fatwa liliwakataza Waislamu yoga yenye maneno ya ibada, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Abdullah Ahmad Badawi, akaeleza kwamba mazoezi ya mwili peke yake hayana kizuizi. Mwezi Novemba 2017, Saudi Arabia iliiingiza yoga katika orodha ya shughuli za michezo. Hivyo kunyoosha mgongo na kupumua kwa kipimo kunaweza kutenganishwa na ibada, na kila mtu akabaki na imani yake.

Aidha, yoga haichukui mahali pa dawa wala pa daktari. Anayetumia vidonge vya shinikizo la damu asiviache. Mwenye ugonjwa wa presha ya macho ajiepushe na mikao ya kuinamisha kichwa chini, na mwenye jeraha la uti wa mgongo aulize kwanza hospitalini. Wala yoga haiondoi haja ya kukimbia, kuogelea na kubeba mizigo. Kiungo kisilazimishwe, kwani maumivu makali ni onyo.

Anayetaka kujaribu hahitaji vifaa wala gharama. Baada ya zamu, na alale chali mahali patulivu, avute pumzi kwa puani akihesabu hadi nne, kisha aitoe polepole akihesabu hadi sita, kwa muda wa dakika tano. Akisikia kizunguzungu, aache na apumue kama kawaida. Akirudia kila siku, mwili huizoea njia hiyo kama mguu unavyoizoea kwata, na siku ya msukosuko huikumbuka.

Taifa humkabidhi askari silaha kwa kuamini kwamba ataitumia kwa akili iliyotulia. Raia anayesimamishwa njiani usiku, mtuhumiwa anayetiwa pingu na watoto wanaomngoja baba au mama yao nyumbani, wote wanautegemea utulivu huo. Nguvu za mikono hufundishwa kambini tangu siku ya kwanza. Kujitawala nako ni nidhamu, na kunaweza kufunzwa kwa dakika chache kila siku.