Gudulia Linalotoka Jasho

Maji ya Handeni, mkoani Tanga, husafiri kabla ya kunywewa. Bomba kuu la Handeni (HTM), lililojengwa miaka ya 1970, huyachota Mto Pangani huko Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Mgao ukikatika, watu hurudi kwenye malambo na madumu. Maji yaliyohangaikiwa hivyo huwa yamepata moto juani. Kuyapoza ni kazi ya mtungi, na mezani ni ya gudulia.

Vyombo hivi vikichomwa kwa kuni mahali pa wazi, hupata nyuzi 600 hadi 900 hivi. Udongo huiva ukawa mgumu, lakini haufiki kuyeyuka ukashikamana kama kauri ya kikombe cha dukani, kwa hiyo hubaki na matundu madogo mno. Maji hupenya humo, hujitokeza nje kama jasho, kisha hupaa. Kila gramu inayopaa huchukua joto la jouli 2,400 hivi, na sehemu kubwa hutoka kwenye maji yaliyobaki ndani. Lita moja ikipoteza gramu 20, yaani vijiko vinne vya chai, kwa hesabu tupu ingeshuka nyuzi 11 hivi. Haishuki kiasi hicho, maana hewa nayo hurudisha joto. Siku ya unyevunyevu jasho halikauki na maji hayapoi, usimlaumu mfinyanzi.

Chungu cha kupikia ni udongo huohuo, ila hutendewa kinyume. Kikiwa kipya huchemshiwa uji ili wanga uzibe matundu, mchuzi usivuje.

Kata ya kuchotea maji mtungini nayo, iwe ya kibuyu au ya kifuu, ina mpini kwa sababu: mkono usiguse maji ambayo nyumba nzima itakunywa. Kikombe kinachotumbukizwa pamoja na vidole vya mchotaji ni hatari kuliko mtungi wenyewe.

Kinachonikera ni magudulia yanayopakwa rangi ya mafuta, yakachorwa maua, yapendeze sebuleni. Rangi huziba kila tundu. Umenunua jagi zito.

Ukiona gudulia lako limekauka nje na ndani maji yamo, chumvi na matope ya maji vimeziba njia. Lisugue kwa brashi na maji matupu, bila sabuni kwa kuwa udongo huinywa na kuirudisha kwenye maji, kisha lianike kivulini penye upepo.