Betri ikiisha mlimani, watoto washuke kwanza

Ni saa kumi alfajiri, Old Moshi. Mtoto ana homa kali na mama amekwisha mfunika blanketi. Baba anageuza ufunguo, starta inalia "tik, tik", kisha kimya. Baridi ya usiku imeimaliza nguvu betri iliyokwisha choka. Lakini gari ni la gia za mkono, na kutoka Kidia hadi Kiboriloni ni mteremko. Kwa familia nyingi jibu ni moja: liachie lishuke, litashtuka.

Mara nyingi hushtuka kweli. Tatizo ni kwamba gari lisilowaka si lile mlilolizoea. Breki husaidiwa na injini. Ikiwa imezimwa, ukikanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu. Usukani nao unakuwa mzito. Kwenye njia yenye kona na korongo pembeni, safari ya homa inaweza kuishia kwenye ajali ya familia nzima.

Kwa hiyo mgonjwa na watoto wakae nje, mbali na gari, hadi liwake. Asisimame mtu mbele yake, na watoto wasisukume.

Dereva azime redio na feni, aweke swichi "on", akanyage klachi na kuingiza gia ya pili. Aachie breki ya mkono. Gari likifika mwendo wa mtu anayekimbia polepole, aachie klachi kwa haraka. Injini ikishika, akanyage klachi tena, asimame, ndipo familia ipande. Ufunguo usitolewe gari likiwa linatembea, kwani usukani unaweza kujifunga.

Fanya hivyo pale tu panaponyooka na kuishia tambarare. Pakiwa na kona au utelezi wa mvua, mgongee jirani mwenye gari. Betri ikiwa imekufa kabisa, au gari likiwa la otomatiki, kulisukuma hakutasaidia.

Mgonjwa akiwa mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga, piga 115 bila malipo. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura.

Likishawaka, usilizime mlangoni pa hospitali kama pa kuegesha ni tambarare; abaki mtu mzima kwenye usukani. Kesho yake betri ipimwe kwa fundi. Homa ya mtoto haichagui saa, na gari la nyumbani nalo liwe tayari usiku.