Haki ya Njia: Mwenda kwa Miguu Katika Viwanja Vipya

Shamba linapokatwa viwanja, watu huulizana kwanza bei na ukubwa. Njia huja mwisho. Katika sehemu kama Ringwani, Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, matokeo yake yanajulikana: katikati hupita gari, pikipiki na ng'ombe, pembeni husogea ua wa kila mwenye nyumba, na mtoto aendaye shule au mama mwenye ndoo ya maji kichwani hubaki mtaroni. Je, fiqhi inasemaje juu ya kumwachia mwenda kwa miguu sehemu yake?

Tunasema, na taufiki inatoka kwa Allah (s.w.):

Dhiraa saba

Imepokewa kwa Abu Hurayra (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alihukumu njia iwe dhiraa saba watu wanapohitilafiana juu yake. Dhiraa ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Saba hazizidi sana mita 3. Wapo wanaodhani kuwa hiki ndicho kipimo cha kila njia. Sivyo. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kuwa mwenye kutoa njia katika ardhi yake kipimo ni hiari yake, na bora aipanue. Dhiraa saba ni za kukata ugomvi. Na njia iliyokwisha kuwa pana kuliko hapo, si halali kwa yeyote kuimega hata kidogo.

Historia inaonyesha hivyo hivyo. Kufa ilipopangwa mwaka 17 Hijria, zama za Sayyidna Umar (r.a.), Tabari ametaja barabara kuu za dhiraa 40, kisha 30, kisha 20, na vichochoro 7. Saba, basi, zilikuwa za kichochoro.

Baraza na mti

Katika Minhaji, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu, Nawawi amesema ni haramu kujenga dakka, yaani baraza, au kupanda mti katika njia ya wote. Kauli ya kuruhusu pasipokuwa na madhara ameitaja kuwa dhaifu. Wafafanuzi wametoa sababu: wapitao huweza kusongamana, na miaka ikipita mahali pale padhaniwe kuwa ni milki ya mtu. Hukumu hii inagusa pia ukuta uliosogezwa na kibanda cha kudumu. Ama kukaa njiani kwa biashara kumeruhusiwa, maadamu wapitao hawabanwi. Kinachokatazwa si riziki ya mtu, bali kuifanya njia kuwa mali yake.

Wajibu wa muuzaji

Mwenye kukata shamba lake na kuuza azingatie haya. Mafaqihi wa Shafi'i wamesema kuwa mtu akiuza kipande kilichozungukwa na ardhi yake, akasharti kuwa hakina njia, na haiwezekani kukipatia nyingine, kauli sahihi zaidi ni kuwa mauzo hayo ni batili. Kitu kisichofikika hakina manufaa kwa mnunuzi. Njia, basi, si hisani ya muuzaji.

Je, kulazimisha ni dhulma?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji. Sharti la kuacha ukanda wa waenda kwa miguu likiwekwa kabla ya kuuza, mnunuzi ameingia akilijua, na hakuna aliyedhulumiwa. Kuchukua ardhi baada ya nyumba kusimama ni jambo jingine. Sayyidna Umar (r.a.) alipoupanua Msikiti wa Makka aliwalipa wenye nyumba, na waliokataa kuuza aliwawekea thamani yake. Sheria ya ardhi ya Tanzania nayo inataka fidia kamili, ya haki na ya wakati.

Kwa hiyo wakati wa kuitoa haki ya njia ni pale kamba ya kupimia inapovutwa. Hapo ukanda wa mita moja na nusu, ulioinuliwa juu ya mtaro, hugawanywa kwa wote na haumuumizi yeyote. Ukicheleweshwa, utapatikana kwa fidia na kuvunjiana nyumba, au hautapatikana kabisa. Mwenye kuondoa udhia njiani ana thawabu ya sadaka. Basi na atazame nafsi yake yule anayeujenga.

Wallahu a'lam.