Sura ya Tano: Kukua na Kuvimba

Mama aliyelea watoto wawili watatu hahitaji tabibu wa kumwambia kwamba tumbo la mtoto laweza kuwa kubwa kwa shibe, na laweza kuwa kubwa kwa safura. Humtazama macho, humfunua kope, humwacha acheze uani huku akiangalia kama atachoka upesi, na baada ya hayo yote ndipo asemapo neno. Katika mambo ya roho wengi wetu hatuna subira hiyo. Tukimwona mtu aliyekuwa kimya jana, na leo analia kwa sauti katika ibada na kutaja aya za Maandiko mfululizo, twafanya haraka kusema kwamba amekua. Na tukimwona mwingine ameketi ukutani, hana neno wala chozi, twamhesabu kuwa amedumaa. Sura hii yahusu namna ya kufunua kope.

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo wa reli, mkoani Tanga, na kwa miaka mingi alikuwa pia mzee wa kanisa aliyesifika kwa sala zake. Alisali kwa ufasaha wa ajabu, akianzia na uumbaji wa mbingu na nchi, akipitia kwa wafalme na manabii, mpaka afike kwetu sisi watoto tuliokuwa tumefumba jicho moja na kwa jingine twautazama uji ukipoa. Siku moja alikwenda kwenye mkutano wa ndugu wa uamsho. Huko hakulia, hakuanguka, wala hakusimama kutoa ushuhuda. Alirudi nyumbani, akaketi barazani penye cherehani yake, akavuta kutoka chini ya meza gunia la vitambaa.

Gunia hilo mafundi wengi wanalo. Mteja huambiwa kwamba vazi lake lataka yadi nne na nusu, ilhali nne zatosha, na ile nusu ikiisha kupita chini ya mkasi huwa haina mwenyewe. Mjomba alivitandaza vipande vyote mkekani, merikani, bafta, drili ya kaki, ncha za kanga, akaanza kuvitenga kwa kumbukumbu ya wenyewe, kimoja kimoja, akivifunga kwa uzi na kuchomeka kijikaratasi chenye jina kwa kalamu ya risasi. Kazi hiyo ilimchukua jioni tatu. Juma lililofuata alizunguka mjini kwa baisikeli akivirudisha, na waliomcheka hawakuwa wachache. Mwenye duka mmoja alimwuliza atafanyia nini kitambaa kisichotosha hata kofia, naye akajibu kwamba hajui, ila anajua kuwa si chake. Mkewe aliniambia baadaye kwamba ulikuwa mwaka huohuo sala za jioni zilipoanza kuwa fupi, tukaanza kunywa uji wa moto.

Uamsho huo uliomgusa mjomba haukuanzia pwani. Mwanzo wake hutajwa kuwa ni Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, walipokutana watu wawili waliochoka kila mmoja kwa namna yake: Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, aliyekuwa ametoka katika taabu ya njaa kubwa iliyoipiga nchi ile, na Simeoni Nsibambi, Mganda mtumishi wa serikali, ambaye hakuridhika na ukristo aliokuwa nao. Walisoma Biblia pamoja na kusali, wakaachana. Nsibambi akaacha kazi yake ili ahubiri, na Church akarudi Gahini. Kutoka huko moto ulitambaa Rwanda, Uganda, Burundi, ukafika Bukoba na Kenya, na wafuasi wake wakaitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka.

Katika habari zote za siku zile, niipendayo kupita nyingine ni ya Yosiya Kinuka, msaidizi katika hospitali ya Gahini. Alikuwa hapatani na daktari wala hapendi kazi, naye alisafiri hadi Kampala kumwona Nsibambi akiwa na mzigo wa manung'uniko. Nsibambi hakumwuliza habari za roho yake. Alimwuliza hali ya hospitali. Kinuka akaeleza kila ubaya alioujua wa mahali pale, na mwenyeji wake, baada ya kumsikiliza, akamwambia kwamba chanzo cha ubaya huo ki ndani ya moyo wake yeye. Maneno hayo yalimchoma, na katika safari ndefu ya kurudi ndipo alipokubali. Akafika Gahini mtu mwingine, akawa baadaye mmoja wa viongozi wa uamsho wote. Tazama mahali alipopimiwa: ni kazini kwake, penye wagonjwa na vitanda vyao, wala hakupimwa kwa aliyoyasikia moyoni alipokuwa akisali. Nasadiki kwamba hapo ndipo penye kope ya kufunuliwa. Imani iliyo hai hupita ndani ya mtu kama maji yapitavyo ardhini, haionekani, lakini yatokea mahali, na aghalabu hutokea penye jambo dogo ambalo mwenyewe alikuwa hana habari kwamba ni la dini.

Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, mchungaji mmoja wa Marekani, Jonathan Edwards, alipata kulifikiri neno hili kwa uchungu. Aliona watu wake wa Northampton wakiamshwa kwa shauku kuu, kisha akaona wengi waliolia wakirejea katika fitina na ugomvi wao wa zamani. Mwaka 1746 alitoa kitabu ambacho ndani yake aliorodhesha kwanza mambo 12 yasiyothibitisha lolote, ama kwa uzuri ama kwa ubaya: ukali wa hisia, mtikisiko wa mwili, wingi wa maneno ya dini, muda mrefu utumiwao ibadani na mengineyo, ndipo akataja dalili 12 za kweli, na ya mwisho, aliyoieleza kwa urefu kupita zote, ilikuwa ni matendo ya mtu yanayodumu. Sharti tuangalie uadilifu wake, kwa maana hakusema kwamba machozi ni unafiki. Alisema tu kwamba machozi hayatoi ushahidi, na shahidi asiyejua kitu hatukanwi, huombwa ashuke kizimbani. 

Wazee wa makanisa yetu nao walitatizika. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa baada ya kushindana na wakuu wao juu ya mikutano ya alfajiri na mahubiri yao, na hata leo si rahisi kusema ni kiasi gani cha bidii ile kilikuwa afya na kiasi gani kilikuwa uvimbe. Lakini mtihani ulikuja. Katika miaka ya vita vya Mau Mau, wengi wa ndugu wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha msituni, na walipopewa bunduki na serikali wajilinde, wako waliozikataa hizo pia, wakawa hawana kinga upande wowote. Baadhi yao waliuawa. Hapo hapakuwa na nafasi ya riya.

Sasa, chakula cha roho ni kipi? Ndugu wale walikuwa na desturi ya kukutana kila juma, watu wachache wanaojuana, na kuambiana makosa yao waziwazi. Wenyewe waliiita kutembea nuruni. Ni desturi njema mno, kwa kuwa mtu akiwa peke yake huwa hakimu mwenye huruma ya kupita kiasi. Hata hivyo, nimeona jinsi dawa hiyo nayo inavyoharibika. Toba ikawa adabu ya kikao. Kila mtu alitakiwa alete kosa kama aletavyo mchango, na asiyekuwa na jipya akaazima la mwaka jana, au akaeleza la zamani kwa madoido mpaka wasikilizaji wakaona haya. Asiyesema kwa lugha ya ndugu alihesabiwa kuwa hajaokoka. Nionavyo mimi, kikundi kinachomlea mtu hujulikana kwa jambo moja: mtu aweza kukaa humo miezi mitatu akiwa mkavu, asome Neno pasipo ladha, asali pasipo kusikia kitu, na asilazimishwe kujidai. Mnazi wetu wa asili hukaa miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na katika muda huo mwenye shamba hana la kumwonyesha jirani. Kazi yake ni kupalilia, kuzuia wanyama, na kuwaangalia chonga, wale wadudu wanaotoboa kilele. Mwenye kufukua mbegu kila asubuhi aone kama imeota, huyo aiua kwa mapenzi.

Basi, mtu akiniuliza aanzie wapi, humwambia atafute gunia lake. La mwalimu laweza kuwa katika daftari la mahudhurio, la mfanyabiashara katika mizani, la mchungaji katika sahani ya sadaka, na la mume katika namna anavyoitikia aitwapo kutoka jikoni. Alifungue taratibu, alitenge kwa majina, na asitangaze.

Mjomba alipofariki tuliisogeza cherehani ili tupate nafasi ya waombolezaji, tukakuta chini ya meza vifurushi vitatu vilivyobaki, vya watu waliohama mji zamani, wengine bara, mmoja Unguja. Kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya chai. Uzi ulikuwa mpya, na majina yalikuwa yameandikwa juu ya majina, kila risasi ilipofifia.