Kompyuta Inayojifanya Simu

Chukua programu ya filamu iliyotengenezwa kwa simu za Android, ujaribu kuifungua kwenye kompyuta ya Windows. Itagoma, na sababu moja ni chipu. Simu nyingi hutumia chipu za ARM, ukoo ulioanzia Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Kompyuta nyingi za mezani ni za ukoo wa x86, ulioanza na chipu ya Intel 8086 mwaka 1978. Hata amri ndogo ya kujumlisha namba mbili, kila ukoo una namna yake ya kuiandika.

Njia ya kuvuka mpaka huo ilijulikana kabla ya chipu zenyewe kuwapo. Mwaka 1936 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alionyesha kwamba mashine moja inaweza kufanya hesabu za mashine nyingine yoyote, mradi ipewe maelezo ya jinsi hiyo nyingine inavyofanya kazi. Mwaka 1964 IBM ilipotangaza kompyuta zake za System/360, baadhi yake ziliweza kuendesha programu za mashine zake za zamani, wateja wasilazimike kuandika kila kitu upya.

Programu inayofanya uigaji huo huitwa emuleta, na kazi yake ni ya mkalimani: husoma fungu la amri za ARM, hulitafsiri kuwa amri za x86, kisha huitunza tafsiri ili fungu hilo likirudi lisiipotezee muda tena. Ndivyo ilivyo QEMU, iliyobuniwa na Mfaransa Fabrice Bellard na kutolewa mwaka 2003, ambayo Google iliifanya msingi wa emuleta yake ya Android.

Tafsiri ina gharama. Kwa hiyo emuleta nyingi za leo hubeba Android iliyokwisha kuandaliwa kwa x86, zikatafsiri tu sehemu za programu zilizoandikwa kwa ajili ya ARM. Android hiyo huendeshwa sambamba na Windows, ndiyo sababu huombwa uwashe kipengele cha chipu kinachoruhusu mifumo miwili kuendeshwa pamoja ndani ya kompyuta moja. Mifumo hiyo hugawana kumbukumbu: kompyuta yenye GB 4 huelemewa upesi, yenye GB 8 hupata nafuu.

Halafu unakuta programu imefunguka vizuri, lakini filamu ina ukungu, au sauti inasikika na kioo ni cheusi. Usilaumu bando. Huduma nyingi hufunga video zao kwa kufuli la Widevine la Google. Simu iliyoidhinishwa kwa kiwango cha juu hulifungua ndani ya sehemu ya chipu iliyolindwa, kwa siri iliyowekwa humo kiwandani. Emuleta haina siri hiyo, basi hupewa picha hafifu au hunyimwa kabisa. Turing alizungumzia hesabu, na hesabu huigika. Kuaminiwa na mwenye filamu si hesabu.

Kwa hiyo anza na tovuti ya huduma yenyewe kwenye kivinjari: hakuna cha kutafsiri, na mara nyingi picha ni safi zaidi. Emuleta ibaki kwa programu zisizo na tovuti, nayo ipakue kwa mtengenezaji wake tu, kwa kuwa kila nywila utakayoiandika humo itapitia mikononi mwake.