Shahada Mpya Itazaa Nini?

Wazazi wengi wa Goma wanauliza: “Mtoto wetu amesoma chuoni miaka mitatu, je, amemaliza, au angali njiani?” Swali hili ni la haki, maana karo hutoka katika jasho lao. Nasi tutajaribu kulijibu.

Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa na Wakatoliki mwaka 1954 karibu na mji uitwao leo Kinshasa, kilifuata desturi za Ubelgiji. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vikuu vingine viwili kuwa chuo kimoja cha taifa. Kwa miaka mingi tokea hapo, mwanafunzi alisoma miaka mitatu apate gradua, kisha miwili apate lisansi.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeanza utaratibu mwingine, uitwao LMD: lisansi miaka mitatu, masta miwili, udaktari mitatu. Chimbuko lake ni mapatano ya nchi za Ulaya yaliyofanyika Bologna, katika Italia, mwaka 1999. Masomo hupimwa kwa krediti, 60 kwa mwaka, yaani 180 kwa lisansi. Tena krediti haihesabu saa za kumsikiliza mwalimu tu, bali hata zile za mwanafunzi kujisomea na kutafiti.

Basi aliyetimiza krediti zake amemaliza daraja la kwanza. Aweza kutafuta kazi, au kuendelea.

Lakini jambo lenyewe si hesabu ya miaka. Mwalimu akiendelea kusoma daftari lake kuukuu, na wanafunzi wakinakili na kukariri, tumebadili chupa tu, dawa ni ile ile. Na kijana atajisomeaje pasipo vitabu, umeme wala intaneti? Vita vilivyoingia mjini Januari 2025, benki zikafungwa, vimewazidishia wazazi mzigo.

Tena masomo yaifae nchi yenyewe. Nyiragongo ililipuka mwaka 2002 ikaunguza sehemu kubwa ya mji, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Ziwa Kivu lina gesi ya methani, ambayo jirani zetu wa Rwanda huigeuza kuwa umeme. Nani atayachunguza hayo, wasipokuwa vijana wetu?

Kwa hiyo, wazazi, msiulize jina la shahada peke yake. Mwulizeni mtoto: Umesoma vitabu gani? Umejifunza kutenda nini? Mti hujulikana kwa matunda yake.